Sophie Germain na Gauss: urafiki wa barua pekee

Umeuliza kama kuna wanahisabati waliokuwa marafiki bila kuonana hata siku moja. Wapo, na mimi nakupa Sophie Germain wa Paris na Gauss wa Braunschweig, Ujerumani.

Mwaka 1804 Sophie alimwandikia Gauss kuhusu nadharia ya namba (tawi la hisabati linalochunguza namba nzima), ila akatia sahihi ya kiume: "LeBlanc". Aliogopa kuchekwa kwa kuwa mwanamke. Basi kwa zaidi ya miaka miwili Gauss akawa anajibizana na bwana asiyekuwepo!

Mwisho wa 1806 jeshi la Napoleon likauteka mji wa Gauss. Sophie akakumbuka Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alivyouawa na askari wa Kirumi, akamsihi jenerali Pernety wa jeshi hilo, rafiki wa familia yao, amlinde Gauss. Ofisa akatumwa hadi nyumbani kwa Gauss, akamwambia ni salamu za Sophie Germain. Gauss akabaki ameduwaa: simjui huyo! Ndipo mwaka 1807 Sophie akaandika barua ya kujifichua.

Gauss hakukasirika hata kidogo. Jibu lake la 30 Aprili, siku aliyotimiza miaka 30, limejaa sifa kwa ujasiri na kipaji chake, kisha moja kwa moja akarudi kwenye namba.

Usidhani yaliendelea hivyo milele, lakini. Gauss alihamia Göttingen, akazama kwenye astronomia, yaani sayansi ya nyota na sayari, na barua zikakauka. Sophie akafariki 1831, hawajaonana.