Mlivyoniuliza kuhusu Naliendele, mbegu na ushuru wa korosho

Mwanangu, hao watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wapo miaka yote na mimi bado nanunua salfa ya kupulizia mikorosho kila msimu. Wanafanya nini? (Tandahimba)

Shikamoo mzee wangu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani kama 145,000, halafu ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao porini, bei nayo mbovu, ilipofika 1986/87 hata tani 20,000 hatufiki. Hiyo salfa watafiti ndo waliipima shambani wakaona inakinga maua, na ndo maana unaambiwa upulize alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani. Dawa ya kudumu ni mikorosho inayostahimili ugonjwa, ila kuipata ni kazi ndefu sana, unachavusha, unapanda, unasubiri kama miaka 3 mti uanze kuzaa, halafu uuangalie tena misimu kadhaa. Na magonjwa hayakusubiri, mnyauko fuzari, unaokausha mkorosho, ulionekana Mkuranga mwaka 2012, huo unaanzia ardhini, salfa haiugusi kabisa.

Mbegu ya ufuta inayoitwa Lindi 2002 naisikia tu, dukani haipo. (Nachingwea)

Dada, mtafiti anatoa mbegu mama kidogo tu, kuizalisha iwe magunia ni kazi ya Wakala wa Mbegu na makampuni. Sasa kampuni inapenda mahindi chotara kwasababu mkulima atarudi kununua kila mwaka, ufuta na karanga wewe unavuna unajiwekea mbegu yako mwenyewe, kwahiyo hawaji. Hapo ndo serikali inatakiwa iweke hela na haiweki ya kutosha. Jiungeni kikundi, muombe mbegu mama, mzalishe mbegu za kuazimiwa ubora, yani mbegu wanazozalisha wakulima wenyewe kwa kukaguliwa, TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wanakuja kukagua shamba. Inawezekana kabisa.

Kwanini utafiti unasubiri wafadhili wakati korosho yetu inakatwa ushuru? (Masasi)

Swali hili linaniuma. Zamani asilimia 65 ya ushuru wa korosho inayouzwa nje ilirudi kuendeleza zao, utafiti ukiwemo, mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, wakati ule hela yote ikaenda Hazina. Ukitegemea mradi wa mfadhili, mara nyingi ni wa miaka 3 au 5, yani mradi unakwisha mkorosho ndo kwanza unatoa maua! Nani ataendelea kupima? Mkulima ameshalipia utafiti wake kwa korosho yake, hela irudi Naliendele kila mwaka bila kubembeleza. Mbunge akija kwenye mkutano muulizeni hilo kwa jina, ni kiasi gani kimeenda.

Bwana shamba hatumuoni. (Ruangwa)

Mara nyingi mmoja ana vijiji kadhaa na mafuta ya pikipiki ya shida, halafu yeye yupo chini ya halmashauri, watafiti wa Naliendele wapo TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, mabosi tofauti. Msimsubiri. Mwezi wa nane nendeni maonesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, piga picha majani na maua yanayokusumbua, waoneshe watafiti wenyewe bandani kwao.