Ukuta wa udongo unatoa chumvi

SWALI: Nilijenga kwa matofali ya udongo ili nipunguze saruji, kisha nikapiga plasta ya saruji nje. Sasa rangi inabanduka na chumvi nyeupe imefika futi moja kutoka chini. Nimekosea wapi?

JIBU: Plasta, ndugu yangu. Udongo hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji ngumu huufungia ndani. Niliwahi kubandua plasta kama hiyo: nje kavu, nyuma yake tope la kufinyangia chungu! Ibandue, ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha upige ya chokaa. Ila kama hukutandika nailoni juu ya msingi, maji yatazidi kupanda. Chimba mtaro wa kokoto kuzunguka nyumba. Rangi ya mafuta usiiguse kabisa.