Kompyuta ya zamani: usifute kitu, jaribu kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, naishi Ipuli. Kaka yangu kanipa laptopu yake ya zamani iliyokuwa imelala tu kabatini, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB na Windows 10, ila ukiiwasha unaweza ukaenda kuoga ukarudi bado inazunguka. Kijana wa stesheneri kaniambia niweke Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, eti ni bure. Sasa si ya wataalamu tu hiyo? Na picha za harusi ya kaka zimo humo humo. Kazi yangu kubwa ni kuchapa mitihani.

JIBU: Marahaba mwalimu, ingawa walimu ndo tunaotakiwa kuwaamkia sisi. Huyo kijana yuko sahihi, ila asiiguse hiyo mashine kabla hujahamisha picha za harusi, tena weka sehemu mbili, maana hapo ndo nimeona watu wakilia. Windows 10 yenyewe muda wake wa kawaida wa kupewa apdeti uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri huo Windows 11 inazikataa.

Linux alianza kuitengeneza Linus Torvalds akiwa mwanafunzi huko Ufini mwaka 1991, na leo ziko za aina nyingi mpaka mtu anachanganyikiwa. Wewe chukua Linux Mint, ile yenye muonekano unaoitwa Xfce, ni nyepesi na menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea. Faili lake linakaribia 3GB kwahiyo subiri bando la usiku. Tafuta flashi ya 8GB isiyo na kitu cha maana maana itafutwa yote, kisha uandike lile faili kwa programu inayoitwa Rufus. Ukilikopi tu kama unavyokopi nyimbo haitawaka, utakuja kunilaumu bure.

Chomeka flashi, washa mashine huku unabonyeza F12 (za HP mara nyingi ni Esc au F9), chagua flashi, na Mint inafunguka bila kugusa diski. Hapa mwalimu usiwe na haraka kabisa! Kaa nayo hata siku 2, jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa ya ofisini kama unaruhusiwa, ukiona Wi-Fi haishiki ujue mapema kabla hujaharibu kitu. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo. Ukiridhika ndo uinstoli, na soma vizuri pale inapouliza kama ikae pamoja na Windows au ifute diski nzima. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe inashika chaji, umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Mitihani utachapa kwa LibreOffice, imo tayari na inafungua faili za Word. Majedwali na michoro huwa vinasogea kidogo faili la LibreOffice likifunguliwa kwenye Word au la Word kwenye LibreOffice, kwahiyo kazi ya kupeleka stesheneri igeuze kwanza iwe PDF, maswali yatabaki ulipoyaweka.

Nikuambie ukweli mwingine, kama ndani kuna hard disk ya kuzunguka, Linux peke yake haitafanya maajabu. Ukijaliwa hela kidogo weka SSD, ile diski isiyozunguka yenye kasi zaidi. Mimi ningeanza na hiyo kabla hata ya kuongeza RAM.

SWALI: Yangu ina prosesa ya zamani ya biti 32, RAM 1GB. Nimefika mwisho? (Msomaji, Urambo)

JIBU: Bado. Mint mpya haitakubali, jaribu antiX, Linux nyingine nyepesi, toleo la biti 32. Kuchapa barua itaweza, ila mtandaoni fungua ukurasa mmoja mmoja, na video sahau.