Mdogo wangu, kadi ya riba sifuri si kama ulivyosimuliwa

Mdogo wangu,

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema binamu alipokuja likizo Desemba aliwakalisha hapo nyumbani Ujiji akawaeleza kwamba Marekani deni halimnyimi mtu usingizi: kadi moja ya mkopo ikijaa deni unalihamishia kwenye nyingine, unakaa mwaka na nusu bila riba, muda ukiisha unahamisha tena. Ndipo ukaniomba nilichukue deni lako la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, niliweke kwenye kadi yangu, "hata mwaka mmoja tu kaka, huko si hakuna riba?" Nilikasirika, nikalala na hasira zangu. Sasa najibu, maana nikikaa kimya mtasema nimewatupa.

Baridi na kubeba boksi mmeshasikia vya kutosha. Nizungumzie kadi.

Alichosema binamu kipo. Alichoacha ndicho kilichonikondesha.

Baba alipofariki sikuja, unajua. Nauli ya ghafla ilikuwa kubwa, nikaona heri hela hiyo iende msibani. Nilituma dola 2,500 kwa kadi ya mkopo, nimesimama kwenye maegesho ya kazini hapa Ohio, dakika kumi kabla ya zamu ya usiku. Ng'ombe, mchele, turubai, gari la kuwaleta wajomba kutoka Kasulu. Sikujua kwamba kutuma pesa kwa njia ile benki yangu inakuhesabu sawa na kutoa taslimu. Wakakata asilimia 5 papo hapo, na riba ikaanza siku ile ile, bila ule muda wa kusubiri anaopewa mtu akinunua vitu dukani na kulipa vyote kwa wakati. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa matanga yenyewe.

Juu yake ikaja gari kuharibika, ada ya mwanao, mabati ya chumba cha mama. Deni likafika dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani kama dola 120 kila mwezi za riba peke yake. Kima cha chini walichonidai kilikuwa 180. Nikitoa hizo 180, deni linapungua kwa 60.

Kwenye karatasi ya deni ya kila mwezi kuna kisanduku ambacho benki zinalazimika kukichapa kwa sheria iliyopitishwa 2009. Nilikisoma saa moja asubuhi, nimetoka kuwageuza wazee vitandani usiku kucha, sare bado mwilini: ukilipa kima cha chini tu na usiongeze deni jingine, utamaliza baada ya miaka 18. Nikajumlisha 18 kwenye umri wa mama. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka chini ya sahani.

Hapo ndipo nilipotafuta kadi ya kuhamishia deni. Benki mpya inakulipia deni lako la benki ya zamani, halafu unakuwa na deni kwao, riba sifuri kwa muda maalumu. Yangu ilikuwa miezi 18. Wanafanya hivyo kwa sababu wanapata mteja, wanapata ada, na wanajua wengi muda utaisha hawajamaliza, riba kubwa irudi. Na hawampi kila mtu. Mimi nilikubaliwa kwa kuwa nilikuwa silimbikizi malipo. Jamaa wa Uvira ninayefanya naye kazi, aliyebanwa kuliko mimi, alikataliwa.

Hata mimi hawakunipa kikomo cha kubeba deni lote. Kikomo kilikuwa dola 4,000. Nikahamisha 3,800, ada asilimia 5, dola 190, ikawa 3,990. Zile 2,200 zikabaki kwenye kadi ya zamani zinaendelea kula asilimia 24. Lakini 3,800 zilikuwa zinanila dola 76 kwa mwezi, kwa hiyo ile ada ilikuwa sawa na riba ya miezi miwili na nusu tu. Kwa hesabu hiyo nilifanya vizuri, na ningefanya tena kesho.

Nikakosea jambo moja. Siku niliyokubaliwa niliona kama deni limeshaondoka, nikaacha kulipa kadi ya zamani. Uhamisho ulichukua siku 16. Katikati yake tarehe ya malipo ikapita, nikapigwa faini. Lipa kote mpaka uone kwa macho yako deni limehama. Na ile sifuri ni ya deni lililohamishwa. Ukinunua au ukitoa taslimu kwa kadi hiyo hiyo, hizo zinaweza kuwa na riba yake kamili. Kima cha chini unalipa kila mwezi vilevile. Ukipitisha siku 60 bila kulipa, wana haki ya kukunyang'anya sifuri yako. Na binamu anaposema "unahamisha tena", kila kuhama kuna ada, na benki haikubali uhamishe kutoka kadi yake moja kwenda kadi yake nyingine.

Nikagawa 3,990 kwa miezi 18. Dola 222 kila mwezi. Ndiyo maana mwaka jana mlikuwa mnapiga nami naongea kwa kukata. Sikuwa na kiburi. Nilikuwa na 222.

Sasa lako. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa msivue miezi mitatu, Mei hadi Agosti, ulikopa laki tano urudishe laki sita na nusu kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi! Mimi nalia na 24 ya mwaka mzima. Kwa hiyo uliposema huku ni nafuu, hukukosea, na nimekugombeza kwa kitu ambacho una haki nacho. Lakini benki yangu inahamisha madeni ya benki za huku tu. Kuna benki zinazotuma hundi za kuhamishia deni, mtu akazigeuza fedha; yangu haitumi. Ili nimlipe mkopeshaji wako wa Mwanga, ningetoa taslimu, na nimekwambia taslimu ilinifanya nini.

Usikope tena kwa watu hao, hata kwa siku mbili. Na kama mtoto akiugua usiku na hakuna pengine pa kushika, kopa, umtibu, halafu uniambie asubuhi ile ile, usingoje mwezi. Kile kikundi cha upatu cha akina mama wa dagaa pale Kibirizi, mwombe mama akuingize. Kuja huku? Njoo, lakini usije na deni. Ukija nalo utajikuta unafanya zamu za usiku kulipa kitu cha Kigoma.

Sitatumia kadi. Kuanzia mwezi huu natoa dola 60 za mshahara, si za mkopo, mpaka ule msingi wa laki tano uishe. Nenda kwa mkopeshaji na mjomba, mkubaliane riba isimame mkianza kulipa, mwandikishane, na ile injini ya boti aliyoishikilia iandikwe humo. Nipigie picha hiyo karatasi kabla sijatuma chochote. Mama mwambie wewe mwenyewe kabla ya Jumapili, maana Jumapili nitampigia na sitaki alisikie kwangu.