Fort Jesus kama darasa

SWALI: Nafundisha historia ya biashara ya Bahari ya Hindi chuo kikuu, Mombasa. Nina wanafunzi 60. Kila mwaka nawapeleka Fort Jesus, lakini ripoti wanazoleta ni maelezo ya ukutani yaliyonakiliwa neno kwa neno. Nirekebishe wapi?

JIBU: Mwalimu, rekebisha swali unalowapa. Ukiuliza ngome ilijengwa lini, jibu limeshaandikwa pale: Wareno, 1593 hadi 1596. Uliza jambo lisilojulikana ila kwa kukitazama kitu chenyewe.

Chukua kigae cha sahani ya China. Kigeuze. Ukingo wa chini hauna mng'aro, yaani lile tabaka laini kama kioo linalofunika sahani, udongo uko wazi, kwa sababu mng'aro huyeyuka tanuruni na sahani ingegandana na ilichokalia. Sasa uliza: sahani hii ilitumiwa kulia chakula, au ilipamba ukuta? Mikwaruzo upande wa ndani inaashiria matumizi ya mezani. Chokaa iliyoganda mgongoni inaashiria ukuta, maana pwani yetu sahani zilijengewa makaburini na misikitini. Hapo mwanafunzi hana pa kunakili.

Lakini ndani ya kabati la kioo mgongo hauonekani, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Andikia idara ya elimu ya makumbusho mwezi mmoja kabla, uombe vigae vya ghalani vitolewe mezani, na utaje idadi ya wanafunzi. Nenda mwenyewe wiki moja kabla, kwa kuwa maonyesho hubadilishwa.

Wanafunzi 60 kwa mpigo ni vurugu. Wagawe zamu tatu za 20, kila zamu makundi manne ya watano, kila kundi na kigae chake. Penseli tu, kwani wino ukidondokea kigae hautoki kirahisi. Dakika 15 za kwanza wachore na kupima kwa sentimita, bila kusoma maelezo yoyote. Usifupishe muda huu. Dakika tano za mwanzo wengi huwa bado hawajaona kitu.

Wiki inayofuata, darasani, walinganishe michoro yao na vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome hiyo. Hakuna chombo cha meli hiyo kilichotengenezwa baada ya mwaka huo, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha tarehe.

Toa alama 20 kati ya 100, nusu yake kwa mchoro na vipimo. Kazi isiyo na alama wataihesabu matembezi.