Kocha wa miaka mingi: abaki au aondoke?

Wiki hii maswali karibu yote yanahusu jambo moja: timu imekaa na kocha mkuu yule yule kwa miaka mingi, matokeo yameyumba, mashabiki wamegawanyika. Nimechagua matano.

Tumefungwa mechi tano mfululizo. Bado hazitoshi kumtimua?

Hazitoshi. Mechi tano ni chache, na mpira una bahati yake. Kabla ya kutazama msimamo wa ligi, hesabu nafasi za wazi mnazotengeneza na mnazowapa wapinzani. Mkiwa mnatengeneza na kukosa, mabao yatakuja. Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp ilishika mkia katika ligi ya Ujerumani Februari 2015, ikamaliza msimu nafasi ya 7 chini yake. Baada ya hapo aliondoka, lakini kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nitajuaje kama wachezaji wameacha kumsikiliza?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Timu ikipoteza mpira, usiufuate mpira kwa macho. Watazame walio mbali nao: wanakimbia kurudi, au wanatembea mikono kiunoni? Mchezaji anayetolewa naye, je, anapita mbele ya kocha au anazunguka nyuma ya benchi?

Niliwahi kukaa viti vya nyuma ya benchi la ufundi nikaliona jambo hili kwa karibu. Kocha alikuwa akimpigia kelele beki wa kushoto apande. Beki akamgeukia nahodha. Nahodha akashusha kiganja taratibu: baki hapo hapo. Akabaki. Ikawa hivyo mara tatu, kisha kocha akaketi. Timu ilikuwa inaongoza 1-0, na uwanja mzima ulikuwa ukiimba, ila mimi niliumia moyoni, kwa sababu niliona kazi ya mtu yule imekwisha. Kikosi kikishapata kocha mwingine ndani yake, hakuna mbinu mpya itakayokiokoa.

Ametupa makombe. Kumwondoa si kukosa shukrani?

Deni la shukrani lipo, lakini halilipwi kwa mkataba mpya. Ujerumani ilitwaa Kombe la Dunia 2014 chini ya Joachim Löw, ikatolewa hatua ya makundi 2018, na bado akaachiwa timu. Novemba 2020 Hispania ikawafunga 6-0. Aliondoka 2021, baada ya michuano ya Ulaya. Kwa maoni yangu walichelewa miaka mitatu, na waliomheshimu ndio waliomwachia aumie hadharani.

Nakubali upande wa pili nao unauma. Leicester City ilimfukuza Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa baada ya kuwapa ubingwa wa Uingereza. Timu ilibaki ligi kuu, lakini namna ile ya kuagana haikumstahili.

Kocha mpya huwa anaiamsha timu?

Kwa mechi chache, mara nyingi ndiyo. Kumbuka tu kwamba kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na kutoka pale hata timu zilizovumilia hupanda. Usimlipe mtu fidia ya mkataba mzima kwa ajili ya furaha ya mwezi mmoja.

Tukishaamua, tumlete nani?

Anzeni na lini. Alex Ferguson alikaa Manchester United tangu 1986 hadi 2013, akachukua ubingwa wa ligi mara 13. Alipoondoka, mtendaji mkuu wa klabu aliondoka pia kiangazi kile kile, na kikosi kilikuwa kimezeeka. David Moyes akapewa mkataba wa miaka sita, lakini hakumaliza hata msimu mmoja. Lawama zote alitupiwa yeye, na sikuona haki katika hilo. Klopp, kwa upande wake, alitangaza Januari 2024 kwamba anaondoka Liverpool mwisho wa msimu. Klabu ikapata miezi ya kutafuta mtu anayefaa kwa wachezaji waliopo. Arne Slot akaja, na msimu wake wa kwanza akatwaa ubingwa.

Kwa hiyo, kama mkataba wa kocha wenu unaisha msimu huu, uongozi unapaswa kukaa naye sasa, kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa, ili asinunuliwe mchezaji hata mmoja ambaye kocha ajaye hatamtumia.