Uamuzi ni wa nahodha, hata kocha akipiga kelele

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: katika raga ya kimataifa, timu inapopata penalti mechi ikielekea ukingoni, uamuzi wa kulenga milingoti kwa mkwaju wa alama 3 au kutafuta trai, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli kwa alama 5, uwe wa kocha au wa nahodha? Jibu langu ni nahodha, nami ninalitoa nikiwa mtu aliyewahi kupewa uamuzi huo na kushindwa kuutumia.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nahodha wa timu ya pili ya klabu moja hapa Nairobi. Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imeugeuza uwanja kuwa tope tupu, tulikuwa nyuma kwa alama 2 tukapata penalti yapata mita 35 kutoka kwenye milingoti. Mpigaji wetu alikuwa ameshaninong'oneza kwamba paja limemkaza. Fowadi wetu, kwa upande mwingine, walikuwa wamewarudisha wapinzani nyuma katika skramu tatu mfululizo, ile misukumano ya fowadi wa timu mbili waliofungana mabega. Nilijua la kufanya. Lakini kijana wa maji alikuja mbio na chupa zake pamoja na agizo la kocha kwamba tupige, na refa aliponiuliza, "Nahodha, unachagua nini?", badala ya kumjibu niligeuka nikatazama benchi. Mkwaju ulianguka mbele ya milingoti kama embe bovu. Baadaye kocha alinilaumu kwa kutomwarifu kwamba mpigaji ameumia, na sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa aliamua bila kujua nilichokijua, nami nilichokijua nilikaa nacho.

Sheria za raga zimeliweka jambo hili wazi: nahodha ndiye anayemweleza refa timu yake imechagua nini. Kocha wa timu ya taifa hukaa juu jukwaani, kompyuta mbele yake na redio mkononi, na kutoka huko huona mengi yasiyoonekana na mtu aliyeinamisha kichwa ndani ya skramu, kama vile pengo lililoachwa pembeni au beki anayechelewa kurudi mahali pake. Asichokiona ni pumzi. Hamsikii propu wa wapinzani, yule wa mstari wa mbele wa skramu, anavyokoroma skramu inapofungwa, wala hajui ni nani kati ya vijana wake anayekwepa macho ya mwenzake mpira unapotafuta mwenyewe.

Mwezi wa Septemba 2015, katika Kombe la Dunia lililoandaliwa Uingereza, swali lenu liliulizwa mara mbili ndani ya wiki moja. Tarehe 19, mjini Brighton, Japani ilikuwa nyuma 32-29 dhidi ya Afrika Kusini, mabingwa mara mbili wa dunia, huku Japani yenyewe ikiwa imewahi kushinda mechi moja tu ya Kombe la Dunia, dhidi ya Zimbabwe mwaka wa 1991. Muda ukikatika, Japani ikapata penalti ambayo ingetosha kuleta sare, na kwa timu kama ile sare ingeimbwa nyumbani kwa miaka. Kocha Eddie Jones, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alizitaka zile alama 3 na alikuwa akizipigia kelele huko juu. Nahodha Michael Leitch akachagua skramu. Mpira ukasafirishwa hadi pembe ya kushoto, Karne Hesketh akafunga trai, na mechi ikaisha 34-32.

Wiki moja baadaye, tarehe 26, Uingereza ilikuwa nyuma 28-25 dhidi ya Wales uwanjani Twickenham, ikapata penalti ambayo nayo ingesawazisha. Nahodha Chris Robshaw akauelekeza mpira kwenye kona badala ya milingoti. Ulipotoka nje, wakaurudisha kwa kuurusha kwa mtu wa mbele kabisa katika mstari wa wachezaji wanaouwania, mahali ambapo wapinzani wana safari fupi sana ya kukusukuma nje, na Wales wakafanya hivyo hasa. Uingereza ikafungwa na Australia katika mechi iliyofuata, ikawa mwenyeji mkuu wa kwanza kung'olewa katika hatua ya makundi. Kocha Stuart Lancaster akaondoka, na aliyechukua nafasi yake ni Eddie Jones yule yule, ambaye alimvua Robshaw unahodha akampa Dylan Hartley, ingawa Robshaw aliendelea kuchezeshwa.

Wengi huitumia mechi ya Twickenham kudai kwamba nahodha hafai kuachiwa uamuzi mzito. Sikubaliani nao. Kwa maoni yangu Robshaw alichagua jambo la busara, ila lililofuata, yaani mpira urushwe kwa nani na nani amkinge mpokeaji, lilikuwa limepwaya. Na hilo ni jambo la kunolewa mazoezini, wiki nyingi kabla ya refa kupuliza filimbi. (Nakiri pia kwamba jioni ile nilikuwa nikiishangilia Wales, kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na raga.)

Kazi ya kocha, basi, iko hapo kabla. Graham Henry, aliyekuwa kocha wa New Zealand, amesimulia jinsi nahodha wake Tana Umaga alivyomuuliza iwapo zile hotuba zake za kabla ya mechi ni kwa faida ya wachezaji au yake mwenyewe, naye akaziacha. Hata hivyo alikuwa bado na safari: mwaka wa 2007 timu yake ilitolewa na Ufaransa 20-18 katika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Cardiff, viongozi wake uwanjani wakiwa kama watu waliopotea njia. Yeye na nahodha Richie McCaw waliachwa waendelee, na mwaka wa 2011 wakatwaa kombe kwa kuwashinda Wafaransa hao hao 8-7. Nayo fainali ya Kombe la Dunia ya 2023 ilifika mahali ambapo manahodha wote wawili walikuwa nje, Sam Cane wa New Zealand kwa kadi nyekundu na Siya Kolisi wa Afrika Kusini kwa ya manjano, ambayo katika raga humtoa mchezaji kwa dakika 10. Mchezo haukusimama kuwangojea. Kocha ambaye amemlea kiongozi mmoja tu angeaibika.

Najua mtanitajia Rassie Erasmus, ambaye mwaka wa 2021, akiwa mkurugenzi wa raga wa Afrika Kusini ilipocheza na Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, alishuka uwanjani akiwa mbeba maji. Mwaka uliofuata World Rugby, shirikisho la raga duniani, ilipiga marufuku kocha mkuu au mkurugenzi wa raga kufanya kazi hiyo. Nadhani ilifanya vyema, ingawa kijana wa maji wa kawaida bado anaweza kubeba agizo.

Kwetu, Benjamin Ayimba aliwahi kuwa nahodha wa Kenya kabla ya kuwa kocha, na Aprili 2016 Shujaa wake, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, wakiongozwa na nahodha Andrew Amonde, waliilaza Fiji 30-7 katika fainali ya mashindano ya Singapore. Katika raga ya wachezaji saba, mapumziko hayazidi dakika 2. Ukitoa muda wa kunywa maji, kocha anabaki na nafasi ya sentensi mbili tu, na yeyote aliyetegemea kuongoza kwa sentensi mbili ameshachelewa.

Siku hizi nikienda uwanja wa RFUEA katika Barabara ya Ngong, penalti inapotolewa simtazami mpigaji. Natazama macho ya nahodha yanaelekea wapi, na mara nyingi mno yanaelekea benchi. Klabu yangu ya zamani ina kocha mwingine sasa. Kila Alhamisi, dakika 10 za mwisho za mazoezi, yeye hutangaza alama na muda uliobaki, humkabidhi nahodha mpira, kisha huwapa kisogo wote mpaka wamalize. Anasema hataki hata uso wake usomwe.